Kipima-umbali na upinde: maswali ya Kanyaruchinya yajibiwa

Kanyaruchinya iko katika teritware ya Nyiragongo, kaskazini ya mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru. Mbele yake kuna mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, na chini ya mlima kuna Kibati, mahali ambapo walinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga walikuwa wakiwapokea wapanda mlima. Familia za Kivu ya Kaskazini zina ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Katika mwaka wa bajeti wa 2019 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi 30,000 kutoka pembe zote za dunia, na zaidi ya 12,000 kati yao walikuwa Wakongomani. Wametawanyika Kentucky, Texas, Iowa, Ohio na kwingineko, katika majimbo ambayo kuwinda kulungu kwa upinde ni jambo la kila msimu.

Picha za uwindaji huo hufika mpaka huku kwa simu: mtu amevaa nguo za rangi ya majani, upinde wenye vigurudumu mkononi, na kifaa kidogo kinaning'inia shingoni. Hapo maswali huanza. Kifaa hicho ni cha nini? Je, kingefaa huku kwetu? Je, ndugu akituma kimoja, ni vyema kukipokea?

Jibu fupi ni kwamba kifaa hicho hutoa namba ya umbali tu. Uwezo wa kulenga hutoka kwa mwindaji, na ruhusa ya kuwinda hutoka kwa sheria. Majibu marefu ni haya yafuatayo.

Kipima-umbali ni nini, na kinafanyaje kazi?

Ni darubini ndogo ya jicho moja inayotosha kiganjani. Aina nyingi hukuza kitu mara sita. Ndani yake mna taa ya leza isiyoonekana kwa macho. Ukibonyeza kitufe, kifaa hutuma mwali mfupi wa leza, mwali unagonga kitu kilicho mbele, sehemu yake ndogo inarudi, na saa ya elektroniki hupima muda uliopita. Ni kama mtu anayepaza sauti bondeni akisubiri mwangwi, ila hapa kinachokwenda na kurudi ni mwanga.

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 30 mbele yako, mwali unakwenda mita 30 na kurudi mita 30, yaani mita 60 kwa jumla, ndani ya sehemu 200 za bilioni ya sekunde. Kifaa hufanya hesabu hiyo papo hapo na kuandika namba ndani ya kioo. Vifaa vya wawindaji kwa kawaida hukosea kwa kama mita moja hivi, juu au chini.

Kwa nini mwindaji wa upinde anakihitaji kuliko mwenye bunduki?

Kwa sababu mshale huenda polepole. Risasi ya bunduki ya kuwindia huruka mamia ya mita kwa sekunde, wakati mshale wa upinde wa kisasa huruka kama mita 85 kwa sekunde. Kufika mita 30, mshale huchukua zaidi kidogo ya theluthi moja ya sekunde. Muda huo ni mdogo, lakini unatosha mshale kushuka kama sentimita 60 kutoka kwenye mstari ulioelekezewa.

Ndiyo maana upinde wa kisasa hufungwa vidoti kadhaa vya kulengea, kimoja kwa mita 20, kingine kwa mita 30, kingine kwa mita 40. Ukijua umbali, unachagua kidoti chake. Usipoujua, unabahatisha.

Tuseme umekadiria kwa macho kwamba kulungu yuko mita 30, kumbe yuko mita 35. Ukitumia kidoti cha 30, mshale utagonga kama sentimita 12 chini ya pale ulipolenga. Sasa, eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa kama sentimita 20 hadi 25. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 10 hadi 12 tu. Kosa la mita tano linatosha kuuhamisha mshale kutoka kwenye mapafu hadi chini ya kifua au mguu wa mbele. Mnyama hukimbia na jeraha, pengine akafie kichakani baada ya siku kadhaa, bila nyama yake kumfaa mtu.

Kwa mita 20, kosa hilohilo la mita tano hushusha mshale kwa sentimita 8 au 9 tu. Kadiri unavyokaribia mnyama, ndivyo makosa yako yanavyopungua makali.

Kinatumiwaje hasa porini?

Mtu asiyezoea hudhani kwamba mwindaji humwona mnyama, humpima, kisha humpiga. Wazoefu hawafanyi hivyo. Wao hupima kabla mnyama hajafika.

Mwindaji wa kulungu huko Marekani mara nyingi hukaa juu ya dungu dogo lililofungwa kwenye mti, mita tano au sita kutoka ardhini, akiwa amejifunga mkanda wa usalama, kwa maana kuanguka kutoka mtini ni miongoni mwa ajali za kawaida kabisa katika uwindaji huo. Hufika kabla ya kupambazuka, au alasiri kabla jua halijashuka, kwa sababu kulungu hutembea zaidi alfajiri na jioni. Akishatulia, hutoa kipima-umbali na kupima vitu visivyohama: kisiki mita 18, mti uliopinda mita 25, jiwe kubwa mita 32. Anaziweka namba hizo kichwani, kisha anakirudisha kifaa mfukoni.

Mnyama anapotokea na kusimama karibu na ule mti uliopinda, mwindaji ameshajua jibu. Hana haja ya kuinua mkono, na mkono unaoinuliwa ndio unaomshtua kulungu. Iwapo ana nafasi ya kupima tena, anaelekeza alama ya kioo kwenye mwili mpana wa mnyama, yaani mbavu, na kubonyeza mara mbili. Namba mbili zikilingana, anaziamini.

Kazi ya mwisho ya kifaa huja baada ya mshale kuondoka, na wengi huisahau. Kabla ya kushuka, mwindaji hupima umbali wa mahali hasa mnyama aliposimama. Akiwa chini, pori hubadilika sura: kisiki hakionekani, njia imepotea, majani yote yanafanana. Basi huenda upande aliouona, anageuka, anaupima mti wake, na namba ikiwa ileile anajua yupo karibu na tone la kwanza la damu.

Mbona vifaa vingine huonyesha namba mbili?

Namba ya kwanza ni umbali wa moja kwa moja kutoka jichoni hadi kwa mnyama. Ya pili ni umbali wa kulengea, uliorekebishwa kwa mwinamo. Uvutano wa dunia huushusha mshale kulingana na umbali wa usawa wa ardhi, yaani ule ambao ungeupima kwa kamba iliyonyooshwa bila kupanda wala kushuka.

Kutoka dunguni, tofauti si kubwa. Ukiwa mita 6 juu na mnyama yuko mita 20 kutoka shina la mti, kifaa husoma karibu mita 21. Lakini kwenye mteremko mkali hesabu hubadilika. Ukielekeza chini kwa nyuzi 30 na kifaa kikasoma mita 40, umbali wa kulengea ni kama mita 35. Anayetumia kidoti cha 40 hapo atapitisha mshale juu ya mgongo. Kwa hiyo mtu wa milimani achague kifaa kinachorekebisha mwinamo, na anayewinda tambarare hatapungukiwa na kitu akikikosa.

Ni mambo gani hukipotosha?

La kwanza ni kipimo chenyewe. Marekani hupima kwa yadi, na yadi moja ni sentimita 91.44. Yadi 40 ni kama mita 36 na nusu. Mtu aliyezoea mita akisoma namba ya yadi bila kujua, tayari amekosea kwa mita tatu na zaidi. Vifaa vingi vina kitufe cha kubadilisha. Kifaa, vidoti vya upinde na mazoezi yako vyote vitumie kipimo kimoja.

La pili ni majani. Mwali hugonga kitu cha kwanza unachokutana nacho. Tawi dogo lililo mita 15 likipita mbele ya kulungu aliye mita 28, kifaa kinaweza kuandika 15. Vifaa vingi vina hali mbili: moja husoma kitu cha karibu, nyingine hupuuza vya karibu na kusoma cha mbali. Porini hii ya pili ndiyo inayofaa. Hata hivyo kumbuka kwamba mshale haupiti kwenye mstari wa jicho. Unapanda kidogo kisha unashuka, hivyo tawi lililo juu ya mstari wako linaweza kuugonga ingawa kifaa kimesoma vizuri.

La tatu ni hewa. Ukungu na mvua ni matone, na kila tone hurudisha mwanga kidogo. Asubuhi ya ukungu mzito chini ya Nyiragongo, kifaa kizuri kinaweza kukusomea ukungu wenyewe.

La nne ni rangi na uso wa kitu. Bati jipya hurudisha mwanga mwingi. Manyoya ya mnyama hurudisha kidogo, na mawe meusi ya volkano, yale yaliyobaki baada ya mlipuko wa 17 Januari 2002 na wa 22 Mei 2021, hunyonya sehemu kubwa ya mwali. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, tuseme mita 900, ni ya kitu kinachong'aa. Kwa mnyama, kifaa hichohicho husoma umbali mfupi zaidi. Kwa mwindaji wa upinde hilo halina madhara, maana haja yake haivuki makumi machache ya mita.

La mwisho ni giza. Namba nyeusi ndani ya kioo hazionekani alfajiri. Kifaa chenye namba zinazowaka husaidia, na betri ya akiba ni ya lazima, kwa kuwa baridi huimaliza upesi.

Umbali gani ni wa haki kwa mnyama?

Swali hili halijibiwi na kifaa. Wapo watu wanaonunua kipima-umbali, wanasoma mita 60, halafu wanapiga kwa sababu namba ipo. Hilo ni kosa kubwa.

Kipimo cha wapiga upinde ni rahisi. Bandika sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20 kwenye shabaha. Piga mishale ukiwa umevaa nguo unazowindia, bila kupasha misuli moto kwanza. Umbali wa mwisho ambao mishale yako yote huingia ndani ya sahani ndio mpaka wako. Kama ni mita 18, basi ni 18, hata jirani yako akipiga kwa 40. Mwanafunzi mpya akae ndani ya mita 20 hivi.

Kuna sababu nyingine ya kukaa karibu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, mara nne ya mshale. Kulungu aliye mita 30 husikia mlio wa upote robo ya sekunde kabla ya mshale kumfikia. Muda huo unamtosha kukunja miguu ili aruke, na mwili wake ukashuka. Mshale uliolengwa vyema kabisa unapita juu yake, au unamjeruhi mgongoni. Hakuna leza inayoweza kupima mnyama atakachofanya.

Wazee wetu waliwindaje bila kifaa hiki?

Kwa kukaribia. Waefe wa msitu wa Ituri, wanaotumia upinde, wana desturi ya kupanda mti wenye matunda yaliyoiva na kusubiri funo waje kula yaliyoanguka chini. Ni dungu lilelile la mwindaji wa Kentucky, ila umbali ni mfupi kiasi kwamba hakuna cha kupima. Wahadzabe wa kando ya ziwa Eyasi, Tanzania, huwinda kwa upinde hadi leo, na mishale ya wanyama wakubwa huipaka sumu, maana wanajua kwamba mshale peke yake huenda usitoshe. Wawata wa Tsavo, Kenya, walikuwa na pinde ngumu mno kuvuta na sumu ya mti wa mchungu, na walimnyemelea tembo hadi karibu sana. Operesheni dhidi ya ujangili miaka ya 1950 zilikomesha uwindaji wao, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote wa michezo.

Jicho hufundishika. Asiye na kifaa anaweza kujizoeza kwenye uwanja wa mpira. Kutoka mstari wa goli hadi kidoti cha penalti ni mita 11. Hadi mwisho wa eneo la hatari ni mita 16 na nusu. Kutoka katikati ya uwanja hadi ukingo wa duara ni mita 9.15. Simama golini, tazama vipimo hivyo mpaka vikae kichwani, kisha nenda njiani, kadiria umbali wa mti, na uhesabu hatua. Wawindaji wenye kipima-umbali nao hushauriwa wakadirie kwanza kabla ya kubonyeza, ili siku betri ikifa wasiwe vipofu.

Je, naweza kuwinda kwa upinde ndani ya Virunga?

Hapana. Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1979, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Msimamizi wake ni ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi inakataza kuwinda ndani ya hifadhi ya taifa. Upinde haupunguzi kosa, na kifaa cha kisasa hakilihalalishi.

Nje ya hifadhi, sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali, na wapo wanyama waliolindwa popote walipo. Mtu asijidanganye kwamba shamba lake ni huru kwa kuwa tu liko upande huu wa mpaka wa hifadhi.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wambilikimo, wakiwemo Batwa wanaoishi katika teritware ya Nyiragongo. Ni hatua kubwa kwa watu waliotolewa misituni bila fidia. Lakini haikufuta marufuku ya uwindaji ndani ya hifadhi, na mtu wa jamii nyingine hawezi kujificha nyuma yake.

Ieleweke pia kwamba kulungu wa Marekani hayupo huku. Jamii yake ina pembe zinazoanguka na kuota upya kila mwaka, na barani Afrika jamaa yake wa asili yuko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Wanyama wa Virunga wanaomkaribia kwa umbo, kama mbawala na funo, ni wa jamii nyingine, wenye pembe za kudumu. Anayewatafuta mara nyingi hatumii upinde, anatega nyaya. Mtego wa waya hauchagui. Uliowekwa kwa ajili ya funo hukamata mkono wa sokwe wa mlimani, mnyama ambaye hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 zilikuta wamebaki 1,063 tu duniani. Walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kupoteza maisha wakiilinda hifadhi hii. Si mahali pa kujaribia upinde.

Mbona Marekani wanaruhusiwa, na sisi tunakatazwa?

Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kulungu wenye mkia mweupe wa Marekani walikuwa wamebaki kama nusu milioni, baada ya kuwindwa kiholela kwa ajili ya soko. Zikaja sheria kali: ya mwaka 1900 iliyozuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria kati ya majimbo, na ya 1937 iliyopeleka fedha za kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi. Pinde na mishale ziliongezwa kwenye kodi hiyo baadaye. Leo kulungu hao wanakadiriwa kufika milioni 30, na katika majimbo mengi wanakula mazao na kugongwa na magari. Kuwapunguza kwa kipimo ni sehemu ya kuwatunza.

Virunga ilikwenda njia ya kinyume. Miaka ya 1970 ilikuwa na viboko karibu 30,000. Mwaka 2005, baada ya vita na ujangili, walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Mahali palipomwaga hazina yake kwa kiasi hicho hapagawi tena mpaka pajae.

Ndugu yangu yuko Marekani na anataka kuanza. Afanye nini kwanza?

Ajue kwamba kila jimbo lina sheria zake, na asifuate ya jimbo jirani. Majimbo mengi humtaka mwindaji mpya asome kozi ya usalama na kupewa cheti. Atahitaji leseni, na mara nyingi kibali cha kila mnyama. Msimu wa upinde una tarehe zake. Katika baadhi ya majimbo, upinde wenyewe huwekewa kiwango cha chini cha nguvu ya kuvuta. Kipima-umbali cha mkononi kwa kawaida hakina tatizo, lakini baadhi ya majimbo hukataza vifaa vya umeme vilivyofungwa kwenye upinde wenyewe, hivyo asinunue upinde wenye leza kabla ya kusoma kanuni.

Shamba la mtu ni la mtu. Aombe ruhusa ya mwenye ardhi, ikiwezekana kwa maandishi. Na akumbuke kwamba fomu ya kuomba uraia huuliza kama mwombaji amewahi kukamatwa, kushtakiwa au kuandikiwa kosa. Kulungu mmoja aliyepigwa nje ya msimu anaweza kumfuata mgeni hadi kwenye meza ya ofisa wa uhamiaji.

Akinitumia kipima-umbali, nitakifanyia nini hapa?

Matumizi halali yapo, ila ni machache kuliko watu wanavyodhani.

Kupimia parsele hakifai. Kifaa kinachokosea kwa mita moja, kwenye upande mmoja wa parsele ya mita 20 kwa 20, kinaweza kukuongezea au kukupunguzia mita 20 za mraba. Hiyo ni kesi, na kesi za ardhi Nyiragongo tunazo za kutosha. Fundi atumie utepe, au leza ya ujenzi inayopima kwa milimita, na mipaka ithibitishwe na ofisi ya ardhi.

Watafiti wa wanyama hukitumia kweli. Wanapotembea kwenye mstari ulionyooka msituni wakihesabu wanyama, hupima umbali wa kila mnyama kutoka kwenye mstari huo, kisha kwa hesabu hukadiria idadi ya wanyama katika eneo zima. Kazi hiyo hufanywa na watu wenye ruhusa. Kijana anayependa vifaa hivi na kulijua pori vizuri angefanya vyema kuulizia nafasi huko.

Hatari kubwa iko njiani. Kanyaruchinya ilikuwa kambi ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012, na tena kuanzia 2022, na vita vimepita hapa zaidi ya mara moja. Kifaa cha kijani chenye leza na darubini, kikitolewa mfukoni kwenye bariere, hakifanani na kitu cha raia. Aliyekishika ndiye atakayeulizwa ni cha nani na kinampimia nani. Huna kazi ya wazi inayokihitaji, wala karatasi za kukitetea? Mwambie ndugu yako asikitume.

Kikiwa mikononi mwako kwa sababu halali, usikielekeze kwenye macho ya mtu, ingawa leza yake ni ya daraja dhaifu. Usitazame jua kupitia kioo chake kamwe, maana lenzi hukusanya mwanga na kuunguza jicho. Wala usikiache mahali pa watoto.

Tukumbuke nini?

Aliye Marekani asome kanuni za jimbo lake, ajipime kwa sahani ya karatasi, na asipige mnyama aliye nje ya uwezo wake hata kama kifaa kimesoma umbali wake barabara. Aliye Kanyaruchinya auache upinde nje ya Virunga, na akiona nyaya za mitego awaarifu walinzi wa hifadhi bila kuzigusa mwenyewe. Namba iliyo kwenye kioo humwambia mwindaji mnyama yuko mbali kiasi gani. Kama anastahili kumpiga, hilo lazima alijue kabla hajatoka nyumbani.